Mafuta ya makonyo na mbu wa saa 2 usiku

*Karafuu, mchaichai na kivumbasi vinafukuza mbu, maabara zimekiri. Lakini kumfukuza mbu ni jambo moja na kuzuia malaria ni jingine, na chupa nyingi zinazouzwa hazijavuka hapo katikati.*

Na Mwandishi Wetu, Pemba

MSIMU wa karafuu ukikolea, kazi Pemba haiishi jua likizama. Wachumaji wameshateremka mitini, pishi zimeshapimwa, na baada ya sala ya Magharibi watu wanakaa uani, jamvi katikati na taa pembeni, wanachambua. Shada linakamatwa kwa mkono mmoja na kusuguliwa kwenye kiganja cha mkono wa pili. Karafuu zinaanguka huku, makonyo, yaani vijiti vya shada, yanatupwa kule.

Mikono inanukia karafuu hadi kwenye viwiko. Miguu, iliyonyooshwa jamvini, inaliwa na mbu.

Ni saa 2 usiku. Chandarua kiko ndani, kimefungwa fundo juu ya kitanda. Dawa ya ukutani, kama ilipulizwa mwaka huo, iko ukutani. Aliyekaa uani hakingwi na kimojawapo, na hatainuka hadi karafuu za siku ziishe.

Makonyo nayo hayatupwi moja kwa moja. Yakikauka huuzwa na kupelekwa Wawi, nje kidogo ya Chake Chake, kwenye kiwanda ambacho kila Mpemba anakiita Kiwanda cha Makonyo. Huko hushindiliwa kwenye pipa kubwa la chuma na kupitishiwa mvuke kutoka chini. Mvuke ukipanda hubeba mafuta, hupita kwenye bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi, hugeuka maji tena na kudondokea kwenye chombo cha kutenganishia.

Mafuta ya mchaichai, ambayo pia hukamuliwa hapo, huelea juu ya maji. Ya karafuu ni mazito, huzama, na hukingwa kwa chini. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa mafuta kama kilo 5 au 6, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ile kemikali inayotia ganzi jino bovu.

Eujenoli hiyo hiyo mbu hawaipendi. Mwaka 2005 watafiti wa Thailand walichapisha majaribio ya aina 38 za mafuta ya mimea. Waliyapaka kwenye mikono ya watu waliojitolea, kisha mikono ikaingizwa kwenye tundu lenye mbu wenye njaa. Yaliyopunguzwa makali hadi asilimia 10 au 50 hayakuweza, hata aina moja, kuzuia mbu kwa saa 2. Yalipopakwa bila kuchanganywa na kitu, mafuta ya karafuu yaliyashinda yote: saa 2 hadi 4 bila mtu kuumwa, kwa aina tatu za mbu, mmojawapo akiwa Anopheles anayeeneza malaria nchini mwao.

> Mafuta ghafi ya karafuu: saa 2 hadi 4 bila kuumwa. Yakichanganywa nusu kwa nusu: hayafiki saa 2.

Mfanyabiashara akisoma matokeo hayo anaona soko. Daktari wa ngozi anaona kitu kingine: saa hizo 4 zilipatikana kwa mafuta ghafi, na mafuta ghafi ya karafuu huunguza ngozi. Wote wawili wamesoma sawasawa, na mvutano wote kuhusu dawa za mbu zitokanazo na mimea umo humo.

Malaria iliyobanwa

Visiwa hivi vimewahi kudhani vimemaliza. Katika miaka ya 1960 nyumba za Unguja na Pemba zilipuliziwa DDT na malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 mradi ulisimama, na miaka iliyofuata ugonjwa ulirudi kwa kishindo.

Mapambano ya sasa yalianza katikati ya miaka ya 2000, kwa dawa mseto, vyandarua vyenye dawa na, kuanzia 2006, upuliziaji wa majumbani. Maambukizi yalishuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Bara, na Afrika kwa jumla, hali si hiyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 kwa mwaka 2023, asilimia 95 ya vifo hivyo vikiwa barani mwetu.

Mbu naye hakukaa bure. Dawa ya ukutani iliyotumika mwanzo Zanzibar ilikuwa ya kundi la pairethroidi, ndugu wa dawa ya kwenye vyandarua. Miaka michache baadaye mbu wa Pemba walionekana wameizoea, ikabidi kuhamia makundi mengine ya dawa.

Usugu ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni saa na mahali. Anopheles gambiae, bingwa wa zamani wa kuuma ndani usiku wa manane, amepungua kwa sababu ya vyandarua. Mwenzake, Anopheles arabiensis, haoni tabu kuuma nje, kuuma mapema, au kunywa damu ya ng'ombe akikosa mtu. Mchambua karafuu, mvuvi anayesubiri maji yajae, mlinzi wa usiku, waliokesha ngomani: hawa wote wako kwenye ratiba yake.

Hapo ndipo chupa ya mafuta inapoingia. Chandarua hakivaliwi, mafuta yanapakwa.

Maarifa ya uani

Hakuna aliyesubiri maabara ya Thailand. Pwani nzima watu hupanda kivumbasi karibu na mlango, huchoma makumbi ya nazi jioni, hutupia majani ya mwarobaini juu ya makaa. Mkoani Kilimanjaro na kaskazini mashariki mwa Tanzania watafiti walipowauliza wanavijiji wanatumia nini dhidi ya mbu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, jamii za kivumbasi zilitajwa kwa wingi, na zilipopimwa zilionyesha kweli zinafukuza.

Mbita, kwenye ufuko wa Kenya wa Ziwa Victoria, watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walikwenda mbali zaidi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliweka vyungu vya mimea hai ndani ya nyumba na kuhesabu mbu. Kivumbasi na lantana, kile kichaka chenye vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, vilipunguza mbu kwa theluthi hivi. Majani yaliyopashwa moto juu ya bamba, bila kuwaka, yalifanya vizuri kuliko yaliyotupwa motoni, na mkaratusi wa limau ulikuwa miongoni mwa walioongoza.

Kitu cha kutazama hapo ni moto. Jani likiungua, mafuta yake huungua nalo. Kinachobaki ni moshi, unaowaliza watu na mbu kwa pamoja na kukaa mapafuni mwa mtoto. Jani likipashwa tu, mafuta hutoka yakiwa mazima. Mpishi yeyote anajua tofauti ya kukaanga viungo na kuviunguza.

Mwaka 2011 ukaja utafiti mwingine wa Tanzania: nyumba zilizozungushiwa lantana zilipata Anopheles gambiae pungufu kwa asilimia 56, na Anopheles funestus pungufu kwa asilimia 83. Matokeo mazuri kwa ua usiogharimu kitu. Ubaya wa lantana ni kwamba ikishaingia shambani haitoki, na mifugo ikiila hudhurika. Mkulima aliyeing'oa miaka 20 hatakushukuru ukimwambia aipande tena.

Inaruka na upepo

Kwa nini basi mafuta haya hayadumu? Kwa sababu ileile inayofanya yanukie. Harufu ni mafuta yanayoruka hewani. Chembe zake ni ndogo, nyepesi, zinaiacha ngozi kwa haraka, hasa ngozi yenye joto na jasho. Mbu hutishwa na chembe zilizo hewani, kwa hiyo mafuta yasiyoruka hayamtishi, na yanayoruka yanakwisha. Ndiyo sababu wakemia wanahangaika kuyafunga: wengine huyaweka ndani ya vijipovu vidogo visivyoonekana kwa macho, wengine huongeza vanilini. Mwaka 2001, Thailand hiyohiyo, mafuta ya binzari, ya sitronela iliyo jamii ya mchaichai, na wenzake yaliyotiwa vanilini asilimia 5 yalifika hadi saa 8 ndani ya tundu la maabara.

Ndani ya tundu, narudia. Ndani ya tundu hakuna upepo wa kusi, hakuna anayetoka jasho kwa kubeba magunia.

Ulinganisho unaotajwa zaidi ulichapishwa Marekani mwaka 2002. DEET, kemikali iliyobuniwa kwa ajili ya jeshi la Marekani mwaka 1946, ikiwa ya asilimia 23.8 ilimkinga mtu kwa dakika 300 hivi, yaani saa 5. Bidhaa za sitronela zilikwisha nguvu kabla ya dakika 20. Dakika 20 hazitoshi hata kuchambua pishi.

Hesabu ya dimbwi

Wako wanaosema tusihangaike na ngozi, twende kwenye maji tukaue viluwiluwi. Ni kweli mafuta mengi ya mimea huviua kwenye bakuli la maabara. Yanavuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na kwa kuwa kila mafuta ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, mdudu huchelewa kuyazoea. Hoja hii ina uzito, na ndiyo inayowapa watafiti moyo.

Ila tufanye hesabu. Tuseme mafuta fulani yanaua kwa gramu 50 katika lita 1,000 za maji, kiwango cha kawaida katika majaribio ya namna hii. Dimbwi dogo la lita 10,000 litahitaji nusu kilo. Mchaichai mbichi hutoa mafuta kama nusu ya asilimia 1 ya uzito wake, au chini ya hapo. Basi dimbwi moja limekula kilo 100 za mchaichai, na siku chache baadaye mafuta yameruka, mbu wametaga tena.

Mshindani wake yupo Kibaha, mkoani Pwani, ambako kiwanda kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba kinatengeneza dawa ya viluwiluwi kutokana na bakteria. Bakteria hao huvilenga viluwiluwi, na WHO inaitambua njia hiyo. Kwa kazi ya dimbwini sioni mafuta ya kunukia yakishindana, labda kwenye pipa la maji ya kumwagilia nyuma ya nyumba.

Anayefukuzwa huenda wapi?

Swali hili huulizwa mara chache, na ndilo linalowatenga watu wa malaria na watu wa chupa.

Asembo, magharibi mwa Kenya, watafiti waliofuatilia vyandarua vyenye dawa waliripoti mwaka 2003 kwamba hata nyumba zisizo na vyandarua zilifaidika, mradi ziko ndani ya mita 300 hivi kutoka kwa wenye navyo. Sababu ni rahisi: mbu anayetua kwenye chandarua anakufa, na mbu aliyekufa hamfuati jirani.

Mafuta ya kupaka hayaui mbu anayepita. Yanamwambia aende kwingine. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti kutoka bonde la Kilombero ulioliweka jambo hili kwenye mizani: kijiji ambacho watu wengi walipakwa dawa ya kufukuza, wale wachache wasiopaka walipata mbu wengi kuliko wangepata kama hakuna aliyepaka.

> Chandarua chenye dawa kinaua. Mafuta ya kupaka yanamhamisha mbu, na aghalabu anahamia kwa asiye na uwezo wa kununua.

Hilo halimfanyi mtu ajute kupaka. Lakini serikali inayogawa kitu kwa umma lazima iulize kinamfanyia nini asiyekipata. Ndiyo maana majaribio ya dawa za kupaka yamegawanyika. Bolivia, mwaka 2007, dawa itokanayo na mkaratusi wa limau pamoja na chandarua ilipunguza aina moja ya malaria kwa asilimia 80, mahali ambapo mbu huuma jioni mapema. Laos, 2013, DEET juu ya chandarua haikuongeza kitu. Kilombero na Ulanga, 2014, vilevile tofauti haikuwa ya kutegemewa. WHO, ikiyatazama yote, haipendekezi dawa za kupaka zigawiwe kama zana ya jumla ya kuzuia malaria, ingawa inakubali zinamfaa mtu mmoja mmoja.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Busia, Kenya, vitambaa vya kutundika ndani ya nyumba vinavyotoa hewani dawa ya kufukuza vilipunguza maambukizi kwa karibu theluthi, kwa matokeo yaliyochapishwa 2025. Dawa iliyomo, transfluthrini, si ya mmea. Ni pairethroidi ya kiwandani. Lakini wazo la kufukuza kwa hewa, lile la chungu cha kivumbasi, limepata hadhi kwa njia hiyo.

Pareto, ufuta na sasafrasi

Anayewacheka wenye mimea akumbushwe historia. Dawa iliyo kwenye vyandarua vyetu ilianzia kwenye ua. Pareto, ua jeupe la nyanda za baridi za Nakuru, Mafinga na Musanze, lina pairethrini zinazomwangusha mdudu kwa sekunde. Kwa miongo mingi Kenya iliilisha dunia sehemu kubwa ya pareto yake, kabla malipo hayajachelewa na wakulima kung'oa.

Udhaifu wa pareto ni jua: mwanga unaivunja kwa saa chache. Mwaka 1973, huko Rothamsted, Uingereza, wakemia walitoa permethrini, iliyoiga umbo la pairethrini lakini ikastahimili jua. Chandarua chenye dawa kikawezekana.

Hadithi ya pili haijulikani sana. Mwaka 1940 Mmarekani mmoja aliandikisha ugunduzi kwamba mafuta ya ufuta, ambayo peke yake hayaui hata nzi, yakichanganywa na pareto yanaizidishia makali. Wakemia wakaichambua sababu, wakaitafuta kwenye mimea mingine, na kufikia 1947 walikuwa na PBO, iliyotengenezwa kutokana na safroli, kemikali iliyokamuliwa kutoka mafuta ya kunukia ya miti ya sasafrasi. (Msomaji wa Lindi anayekaangia samaki kwa mafuta ya ufuta asidhani amepata dawa ya mbu, ilichukua maabara kadhaa kuifikisha hapo.)

PBO yenyewe haiui mbu. Inavizuia vimeng'enya ambavyo mbu sugu hutumia kuisaga dawa mwilini. Ikitiwa kwenye chandarua pamoja na permethrini, dawa inafanya kazi tena. Hilo lilithibitishwa Muleba, mkoani Kagera, katika jaribio lililochapishwa 2018: watoto wa vijiji vya vyandarua vyenye PBO waliambukizwa kidogo kuliko wa vyandarua vya kawaida. WHO ilikuwa imeshavikubali mwaka mmoja kabla.

Mfano wa tatu ni mkaratusi wa limau wenyewe. Wachina walikuwa wanakamua mafuta yake. Dawa iliyodumu kwenye ngozi ikapatikana kwenye yale maji ya taka yaliyobaki. Humo mlikuwa na PMD, kemikali nzito isiyoruka haraka. Leo mamlaka za afya za Marekani zinaitaja PMD sambamba na DEET. Mafuta ya kawaida ya mti huo hayana nguvu hiyo, hata chupa zikifanana.

Katika hadithi zote tatu mmea ulitoa wazo, na kilichofika kwenye ngozi na kitanda cha mtu kilikuwa kimebadilishwa. Wanaoniambia kwamba kubadilisha ni kuharibu asili, nawauliza kama wanataka asili au wanataka mtoto asiugue.

Sokoni

Bidhaa ziko tele. Maduka ya Mji Mkongwe yana chupa ndogo za mchaichai na karafuu, vikundi vya akina mama vinatengeneza sabuni za viungo, na mitandaoni kuna wanaoahidi "usiku mzima bila mbu". Kakamega, Kenya, kikundi cha wakulima cha Muliru kinalima kivumbasi cha kafuri kando ya msitu, wanakamua, na mafuta yanaingia kwenye dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Kikundi kilipata Tuzo ya Equator mwaka 2010. Kivumbasi hicho kinaokoa msitu kwa kuwapa watu kipato kisicho cha kukata miti. Naturub inauzwa kwa mafua, misuli na kuumwa na wadudu, na huo ndio uungwana wa lebo ninaoutaka: haijitii kuwa dawa ya malaria.

Burkina Faso mwaka 2013 wanafunzi wawili, Moctar Dembélé na Gérard Niyondiko, huyu wa pili Mrundi, walishinda shindano kubwa la ubunifu huko Berkeley, Marekani, kwa wazo la sabuni ya mimea ya kufukuza mbu. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba malaria imepatiwa sabuni. Sabuni hiyo haimo hadi leo kwenye orodha ya zana zinazopendekezwa. Sabuni husuuzwa, na mafuta huondoka na maji.

Wajasiriamali wana malalamiko ya haki. Zana mpya kabisa ya malaria, ili WHO iipitishe, inahitaji angalau majaribio mawili makubwa ya vijijini, yenye gharama ambayo kampuni kubwa ya kemikali inaimudu na kikundi cha wakulima hakiwezi hata kuiota. Zaidi ya hapo, kivumbasi hakina hatimiliki. Atakayetumia fedha kukipima hatakuwa na njia ya kuzirudisha. Kwa hiyo mimea haishindwi tu kwa kuwa dhaifu. Mingine haijapata wa kuilipia mtihani.

Watu wa afya nao wana lao. Mtu anayeamini chupa yake anaweza kuacha chandarua. Wamewaona waliofanya hivyo.

Na "ya asili" haina maana ya salama. Kafuri ikimezwa na mtoto humletea degedege. Mafuta ya mkaratusi ni sumu yakinywewa, na bidhaa za mkaratusi wa limau Marekani haziruhusiwi kwa watoto walio chini ya miaka 3, yaani wale wale ambao malaria inawaua zaidi. Mafuta ghafi ya karafuu yasipakwe kwenye ngozi ya mtoto kwa namna yoyote.

Nani apime?

Pemba ina mafuta, ina mitambo, ina watu wanaokaa nje jioni. Kinachokosekana, kwa bahati njema, ni wagonjwa. Mahali ambapo maambukizi yako chini ya asilimia 1, jaribio la kuona kama mafuta yanapunguza malaria lingehitaji watu wengi mno kabla tofauti haijaonekana. Jaribio kama hilo lingepaswa kwenda Kagera, Geita au Kigoma, ambako malaria ipo na mkarafuu haupo.

Lakini kabla ya malaria kuna kuumwa, na kupima kuumwa hakuhitaji mgonjwa hata mmoja. Taasisi ya Afya Ifakara inayo mabanda ya wavu, makubwa kiasi cha kuingia watu, kijiji kidogo chini ya chandarua. Mtu wa kujitolea hukaa kitini, suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi na mrija mdomoni. Mbu waliofugwa maabara, wasio na vimelea, hufunguliwa. Anayetua mguuni hufyonzwa kwa mrija kabla hajachoma, na huhesabiwa saa kwa saa, mguu uliopakwa kwa usiopakwa.

Moja ya vituo vya taasisi hiyo kiko Bagamoyo, ng'ambo tu ya mkondo wa Zanzibar. Lita chache za mafuta ya makonyo, zikifungwa kwa vanilini au kwa nta ya nyuki, zikapunguzwa makali hadi kiasi ambacho ngozi inavumilia, zingeweza kuingia bandani humo. Jibu lingekuwa namba moja: dakika ngapi. Ikiwa 30, biashara ibaki kwenye manukato na dawa ya meno, na hakuna aliyepoteza kitu. Ikiwa 240, mchambua karafuu wa msimu ujao ana sababu ya kuyadai kiwandani.